Kila Nyumba Msumari Mmoja

Muhonja alikuwa akiwapokonya majirani zake maneno, mmoja baada ya mwingine, na kuyatia yote kinywani mwa mtu mmoja. Kushoto kwa taipureta kulikuwa na kurasa za zamani, zilizoandikwa kwa mkono. Kulia, kurasa mpya. Alisoma mstari, akakata kwa penseli jina la aliyeusema, akaandika juu yake OKOTH, halafu akaupiga chapa. Mama wa kibanda cha mboga akawa Okoth. Mzee wa kanisa akawa Okoth. Hata yule bibi aliyesema neno moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, na neno lenyewe ni "twendeni," naye akawa Okoth.

Duka la kupiga chapa lilikuwa la Adhiambo, hapo Kariobangi, chumba chembamba kilichobanwa na mafundi wa jua kali wanaogonga masanduku ya bati kutwa nzima. Adhiambo alikuwa jirani yao kule mtaa wa Mowlem: ploti moja, bomba moja la maji. Wateja wakipungua alasiri alimwachia Muhonja mashine moja, naye Muhonja akamfagilia na kumpangia karatasi. Siku hiyo Adhiambo alikuja na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma ya kiti, akasoma.

"Hebu ngoja," alisema. "Haya si maneno yangu?"

"Yapi, Mama Lorraine?"

"Haya hapa. 'Uwanja hauwezi kuwa wa mtu, watoto watacheza tumboni mwake?' Ni mimi nilisema. Tena nilisema nikiwa na mtoto mgongoni, ananinyea. Sasa amesema nani? Okoth?"

"Ni mhusika tu."

"Okoth, fundi wa reli," Adhiambo alisoma, uso karibu na karatasi. "Hana kidole cha shahada mkono wa kulia." Akacheka mpaka chai ikamwagikia sahani. "Wee Muhonja! Si huyu ni Baba Ryan? Umempa maneno yetu sisi wote, halafu umempa na kifua kipana! Opiyo akijua ako kwa filamu hatakula sukuma wiki tena. Beldina mkewe atakoma."

Muhonja naye alicheka. Adhiambo akageuza ukurasa, akasoma kidogo, na kicheko chake kikaisha taratibu, kama redio inayoishiwa na betri.

"Lakini Opiyo hata hakuwepo siku ile."

"Najua."

"Alikuwa kwao Ugenya, kumzika shangazi yake."

"Najua, Mama Lorraine."

Adhiambo alikwenda mlangoni akaurudisha, ijapokuwa mle ndani kulikuwa na joto la kumyeyusha mtu, kisha akarudi kwenye meza yake.

"Maliza, mama. Lakini ukimaliza, hizo karatasi usiniachie hapa."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwaka uliotangulia, watu wa ploti yao waliamka wakakuta uwanja umezungushiwa mabati. Ni uwanja huo ambao watoto walichezea mpira, vijana wa kwaya walifanyia mazoezi, na maiti ya mtu wa mtaa ilisomewa sala ya mwisho kabla ya kusafirishwa nyumbani. Kwenye bango palikuwa na jina la kampuni ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Walienda ofisi moja wakatumwa nyingine. Kwenye hiyo nyingine waliambiwa wangoje. Walipochoka kungoja walikutana chumbani kwa mamake Muhonja, Mama Shitanda, wakiwa na Biblia mikononi kana kwamba wamekuja kwa maombi ya Jumatano.

Wengi wao walikuwa wametoka magharibi ya nchi, na kwao mtu akizikwa kila aliyefika hutupa konzi yake ya udongo. Kaburi hujaa, wala hakuna anayeweza kuulizwa nani alilifukia. Basi walikubaliana kuyaondoa mabati kwa namna hiyo hiyo. Kila nyumba msumari mmoja. Bibi kizee msumari mmoja, mama mjamzito msumari mmoja, mke wa mchungaji msumari mmoja. Walitoka asubuhi wakiimba, bila haraka, kila mmoja akang'oa wake akampisha mwenzake. Kufikia adhuhuri bati la mwisho lilikuwa limelala chini, na hapakuwa na mtu aliyebomoa ua.

Waliulizwa, bila shaka. Baadhi yao walichukuliwa wakakaa ndani siku kadhaa, wakaulizwa tena. Mama Shitanda mwenyewe alirudi na sikio moja ambalo halikusikia vizuri tena. Lakini jibu lilikuwa moja katika kila kinywa: mabati yalikuwa hapa, sasa hayapo. Hawakuwa wakidanganya. Muhonja aling'oa msumari wa nyumba yao kwa nyundo ya mamake, na mpaka leo hajui wa kwanza uling'olewa na nani. Waulizaji walichoka. Mwenye bango hakurudi, ila hakuna aliyesema kwamba hatarudi.

Kisa hicho ndicho Muhonja alichokiandika alipoambiwa na Daktari Muindi, mwalimu wake chuoni, aandike mswada wa filamu.

Daktari Muindi hakuwa mtu mbaya, na Muhonja hakuwahi kumfikiria hivyo. Alikuwa amesomea uandishi wa filamu ng'ambo, akarudi na sanduku la vitabu, akawa anawaazima wanafunzi bila kuwasumbua. Siku ya kwanza darasani alichora mlima ubaoni na chini yake akachora mtu. "Huyu anataka kitu," alisema. "Hadithi ni safari yake mpaka kileleni. Wengine wote mnaowaona njiani ni mawe: ama yanamkwaza, ama anayakanyaga apande." Miswada aliyowasomesha ilikuwa na mtu mmoja kila mara, aghalabu mwanamume, asemaye machache kwa Kiingereza kilichonyooka. Watu wanaosema kama watu wa Mowlem walikuwemo pia. Walifungua malango, wakabeba mizigo, wakachekesha, wakaondoka.

Muhonja aliandika kisa jinsi kilivyokuwa, watu arobaini na misumari yao, hakuna aliye mkubwa kuliko mwenziwe. Mswada ulirudi na maneno ya wino mwekundu: Shujaa ni nani? Akauandika upya, akapunguza watu. Ukarudi na maneno yale yale, safari hii yamepigiwa mstari. Akaenda ofisini kwake.

"Kamera haiwezi kufuata watu arobaini, Muhonja," Daktari alimwambia kwa upole.

"Si ifuate misumari, Daktari?"

Alicheka, wala hakuwa akimdharau. "Msumari hautaki kitu. Mtazamaji anatafuta mtu wa kumpenda na kumwogopea. Nipe mmoja. Nipe alama zake, nione kovu lake, nijue anafanya kazi gani, analala wapi. Na hii lugha sasa. Huyu anasema 'manze' ya vijana wa mtaani, huyu anachanganya Kiluhya na Kiswahili. Watamu sana, waache wawili watatu watuchekeshe. Lakini shujaa aseme vizuri."

"Kwa nini, Daktari?"

"Ili watu wamchukue kwa uzito."

Muhonja aliliwaza jambo hilo njia nzima kurudi nyumbani. Hakuona kwamba amekosewa. Aliona kwamba pengine hajui. Akishindwa mara ya tatu angeanguka somo hilo, na akianguka asingeendelea na chuo, ilhali mamake, kibarua wa ghala la nguo, alikuwa amekwisha kusimama kanisani akamshukuru Mungu kwa ajili ya digrii ambayo bado haijapatikana. Basi akaketi akamtafuta mtu mmoja. Alifanya hivyo kwa utaratibu, kama afanyavyo kila kitu. Alimwondoa kila aliyeng'oa msumari, maana kumwita huyo shujaa ni kumwita mvunja sheria. Akabaki na Opiyo, Baba Ryan, ambaye siku ile alikuwa Ugenya makaburini. Mtu ambaye hakugusa hata bati hawezi kudhurika. Akampa jina jingine, ila kovu, kazi na chumba cha karibu na bomba akaviacha, kwa sababu Daktari alitaka alama. Alifurahi hata kidogo kwa ujanja wake.

Mswada wa tatu ulirudi bila wino mwekundu. Daktari aliusoma mbele ya darasa. Alisema angependa wanafunzi waupige filamu likizoni, kuna kamera iliyoletwa na wafadhili, na kwamba yeye mwenyewe angeshughulikia kibali cha serikali, maana siku hizo huwezi kusimamisha kamera barabarani pasipo kibali. Muhonja alimwambia mamake kwamba amefaulu. Mama Shitanda alimgeuzia lile sikio zuri ili asikie tena.

Mgeni alikuja Jumamosi, saa za kufua.

Alikuwa amevaa suti ya kijivu na viatu safi, ameshika faili la plastiki linaloonyesha yaliyomo. Aliwasalimu kina mama wote penye bomba kwa Kiswahili kizuri, akauliza habari za watoto, akaruka maji ya sabuni asiyakanyage. Alisema ametoka ofisi ya vibali.

"Mna bahati hapa," alisema. "Tumeletewa hadithi nzuri, tunaambiwa ni kisa cha kweli. Nikasema lazima nije nimwone mwenyewe, nimpe mkono. Yule shujaa wenu. Fundi wa reli."

Kina mama walikamua nguo. Beldina, mkewe Opiyo, alikuwa ameinama juu ya karai, na Muhonja akaona mikono yake ikisimama majini.

"Mafundi wa reli ni wengi huku," alisema Mama Shitanda.

"Huyu ana alama." Mgeni aliinua mkono wake wa kulia, akakunja kidole cha shahada kikapotea. Alikuwa akitabasamu.

"Baba Ryan!" walipiga kelele watoto waliokuwa wakirushiana povu, wakifurahi kama watu waliojibu swali la mwalimu. "Ni Baba Ryan! Anakaa hapo!"

Mgeni alikitazama chumba walichokionyesha. Hakusogea. Aliwashukuru watoto, akatoa peremende mfukoni akampa mmoja awagawie wenzake.

"Mwambieni nimempongeza," alisema. "Nitarudi na wenzangu, nao wampongeze."

Alipokwisha kwenda, hakuna aliyemtazama Muhonja isipokuwa Adhiambo, na Adhiambo alitazama mara moja tu.

Jumatatu Muhonja alikuwa mlangoni kwa Daktari Muindi kabla yeye mwenyewe hajafika. Daktari alifungua akitabasamu.

"Watu wa vibali wamekupata? Walipiga simu, wamefurahi ajabu. Waliuliza kama shujaa bado yu hai. Nikawaambia yu hai sana, mwandishi anaishi naye ploti moja."

"Uliwaambia ni kisa cha kweli?"

"Niliandika hivyo kwenye muhtasari. Ndiyo nguvu yake, Muhonja."

"Hakuwepo, Daktari."

"Nani?"

"Okoth. Opiyo. Huyo uliyesema nikupe. Siku hiyo alikuwa matangani. Hakuna mtu aliyeanza. Nilikwambia tangu mswada wa kwanza."

Daktari aliweka mkoba mezani. Alikuwa bado na uso wa mtu anayefundisha. "Lakini Muhonja, kila kitu huanzwa na mtu."

Muhonja aliyajua maneno hayo. Mamake alirudi nayo kutoka kule alikowekwa, akayarudia jikoni wiki nzima kama wimbo unaokataa kutoka kichwani: kila kitu huanzwa na mtu, mama, tuambie tu ni nani, uende kwa watoto wako.

"Basi nitawaandikia," alisema Daktari. "Niwaeleze kwamba ni hadithi ya kubuni."

"Watakuamini?"

Uso wa Daktari ulikuwa ukimbadilika polepole, kama wa mtu aliyehesabu watoto wake sokoni akamkosa mmoja. Alivuta droo, akatoa nakala ya barua aliyoipeleka, akaitazama sahihi yake mwenyewe chini.

"Na wakisema si yeye," Muhonja alisema, "watauliza ni nani basi."

"Nenda nyumbani," alisema Daktari. "Usije darasani wiki hii. Na mtu akikuuliza kama umeniona leo, hujaniona."

Mama Shitanda alimsikiliza bintiye mpaka mwisho, akiwa ameegemea meza, bila kumkatiza. Muhonja aliomba moyoni apigwe kofi, maana kofi lingeisha. Mama hakumpiga.

"Utaingia kila nyumba," alisema. "Utawaambia wewe mwenyewe ulichofanya, kwa kinywa chako. Wanaotuuliza hawatakuja kwa ubaya safari hii. Watakuja na peremende. Na mtu mwema atamhurumia Opiyo, atasema, 'Si yeye, alikuwa kwao, nilimwona hata Mama fulani na nyundo.' Kwa huruma tu. Umeelewa? Huruma ndiyo itatumaliza. Anza na kwa Opiyo."

Opiyo alikuwa amerudi kutoka zamu, amevua viatu, anakunywa uji. Aliposikia, kwanza alicheka kweli.

"Mimi? Niko kwa filamu? Beldina, umesikia! Na nani ataniigiza? Tafadhali asiwe mfupi."

"Baba Ryan..."

"Na nilikuwa Ugenya! Nilikuwa nabishana na binamu zangu juu ya ng'ombe! Muhonja, mtoto wa watu, ungenionyesha hapo nikikimbizwa na ng'ombe, hiyo ingeuza." Alijipangusa uji mdomoni. "Sasa kuna taabu gani? Wakija nitawaambia sikuwepo. Mchungaji aliyemzika shangazi yupo, atasema."

"Watakuuliza nani alikuwepo," alisema Beldina.

Hakuwa amecheka. Alikuwa kitandani, anakunja mashati ya mumewe juu ya goti na kuyapanga, ingawa hakuna aliyemtuma.

Opiyo alimtazama mkewe, kisha Muhonja. Kikombe alikirudisha mezani kwa mkono wake usio na kidole. "Nikisema sikuwepo, nawauza nyinyi," alisema polepole, akijaribu maneno. "Nikisema nilikuwepo, nimejiuza mimi. Nikienda kwetu, nimekiri." Aliyapitia tena yote matatu kama fundi anayekagua mashine iliyozima bila sababu. "Haki ya Mungu, Muhonja. Si ungenichagulia kazi ya kuchekesha tu."

"Nisamehe, Baba Ryan."

"Kesho niko zamu ya asubuhi," alisema Opiyo. "Nitaenda kazini. Mtu asiye na hatia huenda kazini, sivyo?" Alikuwa akimuuliza Beldina, na Beldina alichukua shati jingine.

Muhonja alitoka akaingia chumba kilichofuata, na kilichofuata. Katika kila nyumba alisema yale yale: nimeandika hivi, nikamweka Baba Ryan, mtu atakuja kwa upole, mkiulizwa juu yake semeni ni jirani, mkiulizwa juu ya mabati semeni yalikuwa hapa, sasa hayapo. Mwanzoni sauti ilimtetemeka. Baadaye iliacha, na hilo likamtisha zaidi. Mzee Andati, aliyewahi kulala ndani wakati ule, alimsikiliza akiwa amesimama, akamshukuru, akafunga mlango kabla hajamaliza kuaga. Mwanamke wa kona alilia. Adhiambo, Mama Lorraine, alimkatiza: "Yangu nayajua. Pita."

Kwa Kweyu, fundi viatu, mambo yalikwenda vingine. Kweyu alimwambia amechelewa. Kuna kijana mstaarabu aliyepita mchana na faili, aliketi hapo hapo kwenye kibao, akatoa kiatu cha kutiwa soli, wakaongea mambo ya mpira.

"Alikuuliza nini?"

"Hakuniuliza kitu. Aliniambia tu kwamba Opiyo ni jasiri, aliongoza watu peke yake." Kweyu alishika sindano yake ya kushonea viatu bila kushona. "Mimi nikamwambia, jasiri gani, Opiyo hata hakuwepo. Nilimtetea, Muhonja. Si nilimtetea?"

"Akasemaje?"

"Akasema, aha. Akauliza kama soli itakauka kesho, aje aichukue. Anasema kesho tutaongea vizuri."

Kiatu chenyewe kilikuwa rafuni, cheusi, kisafi, kimegandishwa gundi na kufungwa kwa mpira.

Muhonja alipotoka jua lilikuwa limekwisha kushuka nyuma ya mapaa ya mtaa wa Umoja, na moshi wa majiko ulikuwa umetanda juu ya ploti. Upande huu wa bomba alikuwa amemaliza. Upande wa pili hakuwa ameugusa, na huko ndiko walikoishi wengi wa wale walioshika nyundo asubuhi ile. Kwenye barabara ya vumbi, ya murram, mbele ya uwanja, kulikuwa na gari la rangi ya maziwa ambalo halikuwepo alipoanza. Mtu ndani yake alikuwa ameteremsha kioo akimsemesha mama mmoja wa upande ule, naye mama amejishika kiuno, anacheka, anaelekeza kidole mahali fulani.

Muhonja alipiga hatua kuelekea huko. Mkono ulimshika begani kutoka nyuma.

"Usiende sasa," alisema Mama Shitanda. "Ukienda wakikuona unaingia nyumba hadi nyumba, watajua wapi pa kufuata. Rudi ndani."

"Mama, hao hawajaambiwa."

"Najua."

"Na yule anaongea naye."

"Namwona." Mama alikuwa amelielekeza lile sikio zuri barabarani, lakini kwa umbali ule hakuna alichoweza kusikia. "Tutaamka kabla ya watu kutoka. Wewe utaanzia mwanzo wa upande ule, mimi mwisho. Kesho."

Walisimama hapo mlangoni mpaka yule mama alipomaliza kucheka, na gari bado halijaondoka.